Gitare, Umeme na Kiswahili katika Miji ya Shaba ya Katanga

Katika miaka ya 1950 ukanda wa shaba wa Katanga ndio uliokuwa ukitumia sehemu kubwa ya umeme wote wa Kongo ya Kibelgiji. Bwawa la Mwadingusha kwenye Mto Lufira, ambalo wakati ule liliitwa Francqui, lilikuwa likizalisha umeme tangu mwaka 1930. Lilifuatiwa na Koni mwaka 1950, kisha yakaja mabwawa mawili ya Mto Lualaba karibu na Kolwezi: Nzilo, lililoitwa Delcommune, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950, na Nseke, lililoitwa Le Marinel, mwaka 1956. Umeme huo haukuwa wa kuangazia nyumba. Ulikuwa wa Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, nayo iliuhitaji kwa mashine za migodini na hasa kwa kusafishia shaba kwa mkondo wa umeme, kwanza katika kiwanda cha Shituru huko Jadotville (leo Likasi), kisha, tangu mwaka 1960, katika kiwanda cha Luilu kilichopo Kolwezi kwenyewe.

Kwa hiyo mtu angetegemea kwamba ala ya kwanza ya muziki kupitishiwa umeme na kupigwa na Wakongo ingesikika kwanza Kolwezi, Jadotville au Élisabethville. Haikuwa hivyo. Gitare la umeme lilisikika kwanza Léopoldville, umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, katika mji ambao lugha yake ya mjini ni Kilingala. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mambo yalikwenda hivyo, na jambo hilo lilikuwa na matokeo gani kwa wimbo wa Kiswahili katika miji ya migodi. Suala hili huchukuliwa mara nyingi kuwa la wanamuziki peke yao. Kwa kweli ni suala la historia ya lugha pia, kwa sababu ala mpya inapobadilisha namna ya kupiga, hubadilisha vilevile nafasi ya maneno.

Jina la ala lenyewe linaonyesha njia iliyopitia. Mkatanga husema gitare, kutokana na Kifaransa. Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam husema gitaa, kutokana na Kiingereza. Hata hivyo, kabla ya majina hayo mawili kukutana, watu wa Katanga walikuwa na ala nyingine ya vidole, yaani kisanji, ubao wenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba na, kwa baadhi ya wapigaji, kidole cha shahada. Anayetaka kuelewa gitare la Katanga hana budi kukianzia kisanji. Mpigaji wa kisanji hukaa peke yake au hutembea njiani, hujiimbia mwenyewe, na mikono yake miwili hufanya kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja: mmoja unashika mwendo wa chini, mwingine unazungusha sauti za juu. Msikilizaji husikia watu wawili au watatu, ingawa aliye mbele yake ni mmoja.

Ndivyo hasa lilivyopigwa gitare la kikavu, lisilo na umeme, katika miji ya shaba baada ya Vita Vikuu vya Pili. Magitare yaliingia kwa njia za reli na za biashara, pamoja na santuri za Kikuba na sinema za wapanda farasi wa Marekani, na vijana waliofika mijini kutafuta kazi wakayachukua. Aliyejulikana kuliko wote ni Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa mwaka 1930 wa Bunkeya, makao ya Mwami Msiri na ya Wayeke. Baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke. Bosco alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Kidole gumba kilishika nyuzi za chini, na kidole cha shahada kilirukia nyuzi za juu kwa mapigo yasiyoangukia pale gumba lilipoangukia. Upande mmoja unahesabu tatu, upande wa pili unahesabu mbili, na wimbo unapita katikati.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya kazi Afrika Kusini, alipita Jadotville akiwa na lori lake la kurekodia, lenye mashine yake ya kuzalisha umeme. Huko alimrekodi Bosco, na miongoni mwa nyimbo alizozinasa ni “Masanga”, iliyochapishwa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini na kupewa tuzo ya Osborn ya jumuiya ya African Music Society. Hapa pana jambo ambalo wanahistoria wa muziki hulipita haraka. Umeme wa kwanza kuligusa gitare la Katanga haukutoka Mwadingusha wala haukuwamo ndani ya gitare. Ulikuja na mgeni, katika gari lake, ukanasa sauti, ukaondoka nayo. Santuri zilitengenezwa Afrika Kusini na kurudi Katanga kama bidhaa. Mpangilio huo haukutofautiana sana na ule wa madini.

Thamani ya “Masanga” kwa wataalamu ilitokana na nyuzi zake. David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962, uchambuzi wa sehemu mbili juu ya namna Bosco alivyobuni na kubadilisha mapigo yake, akayaandika kwa nota. Ni kazi ya subira kubwa, na bado inasomwa. Maneno ya nyimbo hayakuwa shabaha yake kuu, na katika jambo hili Rycroft hakuwa peke yake. Hata hivyo mtu anayesikiliza rekodi hizo kwa sikio la mwanaisimu hugundua kwamba nyuzi na maneno vimegawana kazi kwa makubaliano. Sauti ya gitare la kikavu hufifia upesi baada ya uzi kuguswa. Mpigaji akitaka muziki usikatike, hana budi kuugusa uzi tena na tena. Ndiyo maana gitare la Katanga halitulii. Lakini kwa kuwa kila pigo ni fupi na la chini, halimezi sauti ya mwimbaji. Maneno yanasikika kama ya mtu anayezungumza na jirani yake barazani.

Kiswahili kilichosikika humo ni cha Katanga: batu badala ya watu, kintu badala ya kitu, vitenzi vyenye kiambishi cha mazoea mwishoni, maneno ya Kifaransa ya kazini na ya Kibemba au Kiluba ya nyumbani. Wakati huo walimu na wamisheni walikihesabu kuwa Kiswahili kilichoharibika. Edgar Polomé alipochapisha uchunguzi wake wa Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, na Johannes Fabian alipotoa kitabu chake juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni mwaka 1986, ilidhihirika kwamba historia yake ni ndefu zaidi na yenye utaratibu wake. Lakini miaka mingi kabla ya vitabu hivyo, Kiswahili hicho kilikuwa kimekwisha kupata heshima ya kuchapishwa kwenye santuri na kununuliwa katika nchi nyingine. Waimbaji wa gitare ndio waliokipa heshima hiyo. Pamoja na Bosco walikuwapo Losta Abelo, na Edouard Masengo aliyefanya kazi na kundi la Jecoke, yaani vijana wachekeshaji wa mtaa wa Kenya huko Élisabethville.

Sasa inafaa kuangalia ala mpya yenyewe. Tangu mwanzo wa karne ya ishirini wabunifu wa ala za umeme walikuwa wakihangaika na tatizo moja: jinsi ya kuufanya mkono wa binadamu ubaki juu ya sauti baada ya sauti kuanza. Leon Theremin wa Urusi, karibu mwaka 1920, alitengeneza ala isiyoguswa kabisa, inayofuata mwendo wa mikono hewani. Maurice Martenot wa Ufaransa alionyesha ya kwake jijini Paris mwaka 1928. Huko kidole kiliteleza na pete juu ya waya, ili sauti ipande na kushuka kama ya mwimbaji. Kampuni ya Hammond ya Marekani ilitoa Solovox mwaka 1940, kinanda kidogo kinachofungwa chini ya vibonye vya piano, kikitoa sauti moja moja, na mpigaji aliongeza au kupunguza nguvu yake kwa goti.

Solovox si habari za mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mbelgiji Gilbert Warnant aliipiga katika rekodi za kampuni ya Opika huko Léopoldville, na sauti yake nyembamba ya mfano wa filimbi ikaingia katika nyimbo za Kilingala. Mwaka 1953 Mbelgiji mwingine, mpigaji gitare wa jazz Bill Alexandre, alifika mjini humo kwa ajili ya kampuni ya CEFA, akija na magitare ya umeme. Vijana wa Léopoldville walimtazama, wakajifunza, na baada ya miaka michache wakawa wamemwacha nyuma. Nicolas Kasanda, aliyejulikana kama Docteur Nico, wa bendi ya African Jazz iliyoanzishwa na Joseph Kabasele mwaka 1953, ndiye mfano unaotajwa zaidi.

Gitare la umeme lina sumaku ndogo chini ya nyuzi, na sumaku hizo zimezungushiwa waya mwembamba wa shaba kwa maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka, hutikisa uga wa sumaku, na mkondo dhaifu wa umeme huzaliwa katika ule waya. Amplifaya huukuza mkondo huo hadi kipaza sauti kiweze kuurudisha kuwa sauti. Kwa maneno mengine, moyo wa ala hii ni shaba. Wachimbaji wa Musonoi na Kamoto walikuwa wakiitoa ardhini malighafi ya chombo ambacho wengi wao wakati ule hawakuwahi kukishika.

Mabadiliko aliyoyapata mpigaji yalikuwa makubwa kuliko kuongezeka kwa sauti. Pigo la gitare la umeme halifi upesi. Mpigaji anaweza kuuacha uzi uimbe, kuuvuta, kuutetemesha kwa kidole cha kushoto, kuupunguza kwa kitufe. Hana haja tena ya kujaza kila nafasi kwa pigo jipya, na hana haja ya kuwa watu watatu kwa wakati mmoja. Basi kazi iliyofanywa na vidole viwili vya Bosco ikagawanywa: mmoja akapiga besi, mwingine akashika mwandamano, wa tatu akaongoza kwa mstari mmoja wa juu, baadaye likaongezwa gitare la kati liitwalo mi-solo. Kilichokuwa mazungumzo ya mtu na ala yake kikawa mazungumzo ya ala kwa ala. Sehemu ya wimbo iliyoitwa sebene, ambapo magitare huachiwa uwanja na watu wakacheza, ikapanuka mwaka hadi mwaka, nayo masimulizi yakabaki mwanzoni. Mwimbaji wa Katanga alikuwa amezoea kusimulia huku akipiga. Mwimbaji wa bendi anaimba, kisha ananyamaza na kungoja.

Wapo wanaodai kwamba mabadiliko haya ndiyo yaliyouua mtindo wa Katanga: kwamba umeme ulikuja na nyimbo za Kiswahili zikazimika. Hoja hiyo ni nyepesi mno. Kama umeme ungekuwa na uwezo huo, ungewaua pia waimbaji wa Kilingala wa gitare la kikavu na kumaliza lugha yao. Lakini Kilingala kilistawi pamoja na gitare la umeme. Tofauti ilikuwa mahali pengine. Léopoldville kulikuwa na kampuni za santuri zilizoshindana mtaa kwa mtaa: Ngoma tangu mwaka 1948, kisha Opika, Loningisa, CEFA, na Esengo mwaka 1957. Nyingi zilikuwa za wafanyabiashara Wagiriki au Wayahudi, walionunua ala na kuwakopesha wanamuziki. Kijana wa Léopoldville asiye na fedha aliweza kulishika gitare la thamani kubwa kwa sababu lilikuwa mali ya studio. Katanga hakukuwa na mpango wa namna hiyo. Gallo walinasa, wakachapa Afrika Kusini, wakauza. Mpigaji alibaki na gitare lake la mbao.

Mtu aweza kuuliza: je, Union Minière yenyewe haikuwa na fedha? Ilikuwa nazo. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilifuata siasa ya kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, na muziki ulikuwa sehemu ya siasa hiyo. Lakini muziki uliopendwa na wakubwa wa kambi na mapadre ulikuwa wa matarumbeta, wa skauti na wa kwaya. Kwaya ya watoto ya Élisabethville iliyojulikana kwa jina la Msalaba wa Shaba, chini ya Padre Anschaire Lamoral, ilisifiwa sana, na mtunzi Joseph Kiwele aliandika misa yake ya Katanga kwa ajili ya mazingira hayo. Kiwele alikuwa fundi wa kweli wa kinanda, na si haki kumpita kwa neno moja. Lakini kinanda chake kilikaa kanisani. Gitare lilihesabiwa kuwa la baa, la vijana wasiooa na la wanawake walio huru. Hakuna mkurugenzi wa kambi ambaye angeona sababu ya kulitafutia amplifaya.

Hapo ndipo Kiswahili cha gitare kilipogeukia mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco na Masengo walikwenda Nairobi. Mji ule ulikuwa na redio, matangazo ya biashara na wasikilizaji wa Kiswahili waliokwisha kuzijua santuri zao. Bosco alitumiwa kuitangaza Aspro, dawa ya maumivu. Masengo aliitangaza Coca-Cola. Bosco alipata pia kipindi cha redio. Vijana wa magharibi ya Kenya walisikiliza na kuiga, wakachanganya na mapigo ya nyuzi za kwao, na historia ya gitare la Kenya haiwezi kuandikwa bila ziara hiyo. Jambo la kushangaza ni kwamba Mkenya hakulalamikia sana Kiswahili chao. Alikisikia kuwa kigeni kidogo, akacheka hapa na pale, akaelewa. Lahaja iliyodharauliwa na walimu wa Élisabethville iliuza soda Nairobi.

Huko nyumbani siasa zilikuwa zikibadilisha kila kitu. Katanga ilijitenga mwezi Julai 1960, na kujitenga huko kukakoma Januari 1963. Katika miaka hiyo njia za kawaida kati ya Élisabethville na Léopoldville zilivurugika, yaani wakati uleule ambapo magitare ya umeme yalikuwa yakienea kwa haraka katika mji mkuu. Vita vilipokwisha na Mobutu kuchukua madaraka mwaka 1965, muziki wa umeme ulishuka Katanga ukiwa umekamilika: ala, mitindo ya mavazi, hatua za kucheza, na lugha. Kilingala kilikuwa tayari lugha ya jeshi. Sasa kikawa lugha ya redio ya taifa, ya hotuba za rais na ya nyimbo za chama. Élisabethville iliitwa Lubumbashi na Jadotville ikaitwa Likasi mwaka 1966. Mali za Union Minière zilitaifishwa mwaka 1967 na hatimaye zikawa za Gécamines. Jimbo lenyewe likapewa jina la Shaba mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni kinaya cha aina yake: jimbo lilipewa jina la Kiswahili katika miaka ileile ambayo vijana wake walijifunza kuimba Kilingala.

Isifikiriwe kwamba walilazimishwa. Mwanamuziki wa Kolwezi aliyetaka santuri yake ivuke mipaka ya mkoa aliimba kwa lugha iliyokuwa na santuri. Wengine walichagua njia ya Bosco, lakini safari hii wakiwa na amplifaya. Ilunga wa Ilunga, aliyejulikana kama Baba Gaston, Mkatanga, alifika Dar es Salaam mwaka 1971 na bendi yake ya Baba National, kisha akahamia Nairobi mwaka 1975. Mwaka 1976 wanamuziki wake kadhaa walijitenga na kuunda Les Mangelepa. Wanamuziki wa Orchestra Maquis du Zaïre, waliojipatia sifa Dar es Salaam, nao walikuwa na mizizi Katanga. Katika miji hiyo ya pwani na ya nyanda za juu za Kenya, gitare la umeme la Kikongo na wimbo wa Kiswahili vilikaa nyumba moja bila shida. Bendi zilichanganya Kilingala na Kiswahili, na kadiri miaka ilivyopita Kiswahili kikaongezeka kwa sababu ndicho mlipaji kiingilio alichokielewa. Ushahidi huu unatosha kuonyesha kwamba hapakuwa na uadui wowote kati ya ala hiyo na lugha hii. Kilichokosekana Katanga ni soko.

Na Kolwezi je? Kiswahili hakikunyamaza, kilibadilisha mlango. Padre Placide Tempels alihamia Kolwezi mwaka 1953, na huko, pamoja na wafanyakazi wa migodi na wake zao, ikakua ile jumuiya ya Jamaa, yenye mafundisho na nyimbo kwa Kiswahili cha Katanga. Fabian aliyanasa mafundisho hayo katika miaka ya 1960 alipofanya utafiti katika kambi ya Musonoi na kwingineko. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimsimulia historia ya Zaire kwa Kiswahili hichohicho, picha baada ya picha. Lubumbashi kundi la Mufwankolo liliendeleza maigizo yake redioni na kwenye televisheni, na Walter Schicho pamoja na Mbayabo Ndala walichapisha kitabu juu yake mwaka 1981. Sala, mchezo wa kuigiza na picha: mahali pote ambapo neno halishindani na amplifaya, Kiswahili kilibaki mwenyeji. Kwenye dansi kilikuwa mgeni katika nyumba yake. Mgawanyo huu wa kazi kati ya lugha mbili za mji mmoja umetajwa mara chache katika masomo ya isimujamii ya Katanga, ambayo hupenda kupima shule, ofisi na soko, na kuisahau baa.

Mwaka 1979 John Low, mpigaji gitare Mwingereza, alisafiri hadi Shaba kuwatafuta wakongwe, akawakuta Bosco, Masengo na Losta Abelo, akakaa nao kujifunza. Kitabu chake cha mwaka 1982 ni cha thamani kwa sababu moja ambayo pengine hakuikusudia: kinaonyesha watu wanaokumbuka mtindo wao vizuri kabisa, walio hai na wenye vidole vyepesi, lakini wasio na wasikilizaji vijana. Bosco alikuwa amefanya kazi benki na Gécamines na kusimamia bendi za wengine. Mwaka 1969 alikuwa amekwenda Newport, Marekani. Mwaka 1988 alirekodi albamu nzima Cape Town. Aliitwa mbali ili apige muziki wa kwao. Alifariki mwezi Septemba 1990 kwa ajali ya barabarani. Mwezi huohuo mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka, na Gécamines haikuinuka tena.

Kuhusu umeme, laini kuu ya kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilikuwa imekamilika mwaka 1982. Ilipita juu ya vijiji vingi visivyo na taa, ikashuka kwenye kituo cha Kolwezi ili mkondo ugeuzwe kwa matumizi ya migodi. Katika miaka iliyofuata kuporomoka kwa kampuni, mitaa ya wafanyakazi ilizoea giza la mara kwa mara. Kinanda cha umeme na sintesaiza viliingia makanisani na kwenye bendi za harusi, kama kwingine kote Afrika. Juu ya hivyo hakuna mengi ya kusema, isipokuwa kwamba vilihitaji jenereta.

La kuvutia zaidi ni yale waliyoyafanya watu wasiongoja kuletewa. Huko Kinshasa, Mingiedi Mawangu na kundi lake la Konono Nº1 walikuwa tangu miaka ya 1960 wakikikuza kisanji, au likembe kama wanavyokiita wao, kwa sumaku walizozitoa katika vipuri chakavu vya magari. Mkwaruzo uliotokana na vyombo hivyo haukuwaudhi. Kisanji cha jadi chenyewe huwekewa vipande vya bati ili kivume. Dunia iliwasikia kwa upana baada ya albamu ya Congotronics ya mwaka 2004. Hapo kanuni ya gitare la umeme ilirudishwa kwenye ala ambayo gitare la Katanga lilitoka kwayo.

Katanga ilijibu kwa namna nyingine. Karindula, ndugu wa kalindula ya Zambia na ya bonde la Luapula, ni kama banjo kubwa mno: pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, lenye shingo ndefu na nyuzi nne, na mpigaji huliegemea kama mtu aliyekalia ukingo wa kisima. Makundi ya Lubumbashi hulipiga kwa muda mrefu bila kukoma, wimbo mmoja ukizidi nusu saa, kwa mwendo ule wa sebene waliousikia katika bendi za umeme. Mwaka 2011 rekodi zao zilichapishwa Ubelgiji kwa jina la The Karindula Sessions. Ndani yake magitare ya Kinshasa yamesikilizwa kwa makini, yamekaririwa, kisha yamehamishiwa kwenye pipa. Hakuna sumaku, hakuna waya. Mwimbaji husimama karibu na wapigaji, na kwa kuwa pipa halina kitufe cha kuongezea sauti, wapigaji humwangalia mdomo.